Protini ya Karatasi: Jinsi ya Kusoma Kipande cha Dukani Kabla ya Kumnunulia Mtoto

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kimeingia madukani mwetu kwa kasi. Ni kile kipande kirefu kama chokoleti, kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza "protein bar". Hapa tutakiita kipande cha protini.

Mama mmoja wa hapa Boito alikuja kliniki na mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa mchangamfu kidogo tu, na uzito wake ulikuwa umesimama pale pale kwa miezi miwili. Tulipomuuliza mama anamlisha nini, alifungua kikapu akatoa karatasi ya kipande hicho. Akasema, "Daktari, protini nampa. Kila nikilipwa pesa za majani namnunulia hivi, vinne au vitano. Chakula kingine hataki."

Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa amesikia, kama sisi sote tulivyosikia kliniki, kwamba mtoto anahitaji protini ili ajenge mwili. Aliona neno hilo kwenye karatasi akaliamini. Lakini neno lililo mbele ya karatasi huwekwa ili kuuza. Ukweli umeandikwa nyuma, kwa maandishi madogo. Basi leo tugeuze karatasi hiyo tuisome pamoja.

PROTINI NI KITU GANI, NA MTOTO ANAHITAJI KIASI GANI?

Protini ndiyo inayojenga misuli, damu, ngozi na nywele, na husaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto anayekua asipoipata pamoja na chakula cha kutosha, hudumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mtoto aliyedumaa mapema huathirika hata akili na masomo.

Hata hivyo, kiasi cha protini anachohitaji mtoto si kikubwa kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji gramu 13 hivi kwa siku. Wa miaka minne hadi minane anahitaji gramu 19 hivi. Sasa linganisha na vyakula vyetu:

Yai moja lina gramu 6 hivi.
Kikombe kimoja cha maziwa cha robo lita kina gramu 8.
Vijiko viwili vikubwa vya njugu karanga zilizosagwa vina gramu 7 hivi.
Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15 hivi.

Utaona kwamba mtoto wa miaka mitatu aliyekula yai moja na kunywa kikombe kimoja cha maziwa amekwisha kupata gramu 14. Hapo bado hajala ugali, maharagwe wala mboga.

GEUZA KARATASI: ORODHA YA VIUNGO

Tafuta neno "ingredients". Chini yake au mbele yake kuna orodha ya vitu vyote vilivyotiwa. Orodha hii ina kanuni moja muhimu sana, nayo ni hii: kitu kilichotiwa kwa uzito mkubwa zaidi huandikwa kwanza, kisha kinachofuata, hadi kidogo kabisa mwishoni. Kwa hiyo soma vitu vitatu vya kwanza. Hivyo ndivyo unavyonunua hasa.

Kama cha kwanza ni njugu, soya, maziwa au shayiri, hapo pana chakula. Kama cha kwanza ni sukari au sharubati, hiyo ni peremende iliyovalishwa jina la protini.

Lakini kuna ujanja. Sukari ina majina mengi, na kiwanda kikitumia aina tatu tofauti kidogo kidogo, kila moja hushuka chini katika orodha, na njugu zikapanda juu. Jifunze kuyatambua majina haya ya Kiingereza: sugar, glucose syrup, corn syrup, fructose, dextrose, molasses, honey. Yote ni sukari, hata asali. Ukiona matatu katika orodha moja, yajumlishe kichwani mwako. Huenda sukari ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Kisha tazama protini yenyewe imetoka wapi. Ukisoma groundnuts au peanuts, hizo ni njugu karanga. Soya ni soya ile ile tunayoijua. Milk powder ni maziwa ya unga, na whey ni protini inayotokana na maziwa. Hizi zote ni nzuri. Ukikuta gelatin au collagen, ujue ni protini iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo huongeza hesabu ya gramu kwenye karatasi, lakini imepungukiwa na sehemu ambazo mwili wa mtoto unazihitaji ili ukue. Peke yake haitoshi kumkuza mtoto.

Tazama pia mafuta. Neno la kuogopa ni "hydrogenated". Hayo ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani, na yale yaliyogandishwa nusu, yaani "partially hydrogenated", huleta aina ya mafuta inayoharibu moyo na mishipa ya damu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe katika vyakula. Ukiyaona, rudisha kipande hicho mahali pake.

Mwisho, baadhi ya vipande hujigamba kuwa havina sukari. Tafuta maneno maltitol na sorbitol. Hivi ni vitu vitamu vinavyotumiwa badala ya sukari, navyo vikizidi hujaza tumbo gesi na kumfanya mtoto aharishe. Mtoto akiharisha, ile protini uliyoinunua haimfaidi.

HESABU NDOGO YA KUFANYA DUKANI

Baada ya orodha, kwa kawaida kuna jedwali la virutubisho. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, kwa sababu hesabu mara nyingi imeandikwa kwa kila gramu 100, ilhali kipande chenyewe ni kidogo kuliko hapo.

Tuchukue mfano. Tuseme kipande kina uzito wa gramu 50. Jedwali linasema katika kila gramu 100 kuna protini gramu 12 na sukari gramu 36. Kwa kuwa kipande ni nusu ya gramu 100, gawanya kwa mbili. Mtoto atapata protini gramu 6 na sukari gramu 18.

Gramu 6 za protini ni sawa na yai moja. Na gramu 18 za sukari? Kijiko kidogo cha chai kina gramu 4 hivi. Kwa hiyo ni vijiko vinne na nusu. Jiulize, mama: ukimchemshia mtoto yai, je, ungelimwagia vijiko vinne na nusu vya sukari juu yake?

Mtoto wa miaka minne hivi anashauriwa asipite gramu 30 au zaidi kidogo za sukari iliyoongezwa kwa siku nzima, na ikipungua ni bora zaidi. Kipande kimoja kama hicho kimekwisha kuchukua zaidi ya nusu. Bado hujahesabu ile ya chai na ya mandazi. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili hafai kuongezewa sukari hata kidogo.

Sasa ile hesabu ya mfukoni. Ukiwa pale dukani, uliza bei ya kipande, kisha uliza bei ya yai. Pima mwenyewe: pesa za kipande kimoja zitanunua mayai mangapi? Zitanunua njugu za vikombe vingapi kwa mama anayeuza sokoni? Jibu utalipata papo hapo, na hutahitaji mtu wa kliniki akueleze.

JAMBO LINALONIUMA

Hapa kwetu Konoin, na kote Bomet na Kericho, nyumba nyingi zina ng'ombe na kuku. Asubuhi maziwa yanapelekwa kuuzwa, hadi tone la mwisho. Mayai yanakwenda sokoni. Kisha jioni, au wakati bonasi ya majani chai imelipwa, tunarudi dukani na pesa zile zile kununua karatasi yenye maziwa ya unga kidogo na njugu kidogo ndani ya sukari nyingi.

Sisemi usiuze maziwa. Ada ya shule inahitajika, na mbolea pia. Ninachosema ni kwamba kabla mtungi haujatoka mlangoni, toa kikombe kimoja cha kila mtoto mdogo. Chemsha, uweke kando. Kati ya mayai kumi, bakisha mawili au matatu ya nyumbani. Mursik ni chakula kizuri vilevile, mradi maziwa yalichemshwa kwanza na sotet imesafishwa vizuri.

Na jambo lingine la nchi ya chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga kama managu na saga. Damu ya mtoto hupungua. Usimpe mtoto mdogo chai wakati wa kula. Mpe maji safi au maziwa.

USALAMA WA KIPANDE CHENYEWE

Kama bado unataka kununua mara moja moja, angalia mambo haya.

Kwanza, tarehe ya mwisho wa kutumika. Kama imefutika au imebandikwa juu ya nyingine, usinunue.

Pili, alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Chini ya alama hiyo kuna namba ya kibali. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo unaweza kuhakikisha kwa simu: andika SM, kisha alama ya reli, kisha ile namba, utume kwa 20023. Utajibiwa jina la bidhaa na mwenye kibali. Kama jibu halilingani na karatasi uliyoshika, kiache.

Tatu, njugu. Njugu zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Tunaikumbuka kwa uchungu: mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii na 125 wakafariki. Mwaka 2019 KEBS ilizuia kuuzwa kwa chapa kadhaa za siagi ya njugu na za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kipande cha njugu kisicho na alama wala jina la kiwanda ni hatari. Hata njugu za sokoni zichague moja moja. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, zitupe. Usimpe hata kuku.

Nne, mzio. Kuna watoto ambao miili yao hukataa njugu, maziwa au soya. Ukimpa mtoto njugu kwa mara ya kwanza, mpe kidogo sana na umwangalie. Midomo ikivimba, ngozi ikitoka mabaka au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja.

Tano, kukabwa. Njugu nzima na vipande vigumu vinavyonata ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Msagie.

TENGENEZA CHAKO

Mama, kipande cha protini hakikuanzia Ulaya. Kashata za njugu na za simsim zimeuzwa kando ya barabara zetu tangu zamani. Unaweza kutengeneza chakula cha kati nyumbani bila sukari nyingi.

Chukua kikombe kimoja cha njugu zilizochaguliwa vizuri. Zikaange kwa moto mdogo, ziache zipoe, zipepete maganda. Kaanga nusu kikombe cha simsim hadi inukie. Twanga pamoja hadi zitoe mafuta na kushikana. Ponda ndizi moja iliyoiva, changanya, finyanga vidonge vidogo. Vile vile siku hiyo hiyo, ndizi haikai. Kwa mtoto aliyeanza kula akiwa na miezi sita na zaidi, acha vidonge. Chukua kijiko kimoja cha njugu hizo zilizosagwa laini kabisa, ukoroge ndani ya uji mzito pamoja na maziwa.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja ameuliza: "Mwanangu ana miaka 15 na anakimbia mbio shuleni. Kocha amesema wanunue vipande vya protini. Je, ni vibaya?" Si vibaya kwa kijana mkubwa akila mara moja moja. Lakini mwili wake hautofautishi protini ya karatasi na ile ya maziwa, mayai na maharagwe. Baada ya mazoezi, maziwa vikombe viwili na chakula cha kushiba vinatosha. Na kwa mkimbiaji kuna tahadhari zaidi: vyakula na unga wa kuongeza nguvu vimewahi kukutwa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na sheria humhukumu mwanariadha mwenyewe hata kama hakujua.

Kogo mmoja ameuliza: "Mjukuu wangu miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu. Nimnunulie protini gani?" Kogo, usinunue chochote. Hiyo ni kwashiakoo, na ni ugonjwa wa kutibiwa. Mpeleke kituo cha afya leo, usingoje siku ya kliniki. Watampima mkono kwa utepe wenye rangi. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano akiwa chini ya sentimita 11.5, utepe husoma nyekundu, na hiyo ni hatari. Na miguu yote miwili ikivimba, ni hatari hata kama utepe haukusoma nyekundu. Huko hospitali wana chakula maalumu cha njugu, maziwa, mafuta na madini kilichopimwa kwa ajili ya watoto hao. Kwa macho kinafanana na siagi ya njugu ya dukani, lakini ni dawa. Hakiuzwi, wala hakigawiwi ndugu zake wazima.

TUMALIZIE

Mnaweza kuniuliza, yule mama wa Boito iliishaje? Mtoto wake tulimpima mkono, utepe ukasoma manjano. Hakuwa amefika nyekundu, lakini alikuwa njiani. Mama hakugombezwa. Tuliketi naye tukaisoma karatasi yake, neno kwa neno, kama tulivyofanya leo. Kumbe mtoto alikuwa akikataa chakula kwa sababu tumbo lilikuwa limeshibishwa utamu saa moja kabla ya kula. Alikwenda nyumbani na mambo matatu tu ya kufanya: kikombe cha maziwa kabla ya mtungi kutoka, yai kila baada ya siku moja, na hakuna kitu kitamu kabla ya chakula. Juma la kwanza, alisema, mtoto alilia sana. Juma la pili akaanza kuomba ugali. Kliniki iliyofuata mizani ilipanda, si sana, lakini ilipanda.

Mambo ya kukumbuka:

1. Maneno ya mbele ya karatasi ni ya kuuza. Soma nyuma.
2. Vitu vitatu vya kwanza katika orodha ndivyo unavyonunua.
3. Sukari ina majina mengi. Yajumlishe.
4. Hesabu gramu za kipande chenyewe, si za gramu 100.
5. Linganisha bei yake na ya yai.
6. Kikombe cha mtoto kitoke kabla ya maziwa kuuzwa.
7. Mtoto aliyevimba au kukonda ni wa kituo cha afya, si wa duka.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Leteni karatasi moja ya chakula cha dukani ambacho watoto wenu hupenda. Kitu cha kwanza katika orodha ni kipi? Sukari imetajwa kwa majina mangapi? Nyumbani kwako, nani huamua kiasi cha maziwa kinachobaki, na mngeweza kukubaliana vipi ili cha mtoto kisiuzwe?

Mwambie na jirani yako mkikutana kwenye kituo cha majani chai. Hadi juma lijalo, kaeni salama.

(Muziki wa kufungia.)